Uzi: Fosfolipidi za utando na ishara za seli, au kwa nini iliyo chache ndiyo inayosema

#1 – Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu. Nimefundisha baiokemia kwa miaka kadhaa, na kila ninaposahihisha mitihani hukutana na sentensi ile ile: "Fosfolipidi ni molekuli zinazojenga utando wa seli." Alama naitoa, kwa kuwa sentensi hiyo haina kosa, lakini naitoa shingo upande, kwa sababu najua aliyeiandika ameondoka darasani akiamini kwamba fosfolipidi ni matofali, na kwamba mambo yote ya maana hufanywa na protini zilizopachikwa katika ukuta huo. Nimeuanzisha uzi huu ili kueleza upande usiosemwa sana: baadhi ya fosfolipidi, tena zile zilizo chache kuliko nyingine, ndizo ambazo seli huzitumia kuandika ujumbe, kuuweka mahali panapostahili, na kuufuta kabla haujaleta madhara. Naomba tuvumiliane kwa urefu.

Tuanze na umbo. Fosfolipidi ya kawaida ina uti wa gliseroli, ambao umeshikizwa asidi mbili za mafuta na kundi moja la fosfeti, na kwenye fosfeti hiyo hufungwa kichwa kinachotofautiana kutoka aina moja hadi nyingine: kolini, ethanolamini, serini au inositoli. Kichwa hupenda maji, mikia huyakimbia, na kwa sababu hiyo molekuli hizi zikiwekwa majini hujipanga zenyewe katika tabaka mbili, mikia ikiwa katikati na vichwa vikitazama maji pande zote. Mwaka 1925 Gorter na Grendel, watafiti wa Uholanzi, waliyatoa mafuta ya utando wa chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakaona kwamba eneo lake lilikuwa takriban mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Ndipo wazo la tabaka mbili likapata mashiko. Unene wa utando wote ni takriban nanomita 5.

Mwaka 1972 Singer na Nicolson waliongeza jambo lililokuwa limekosekana, yaani kwamba utando huo ni majimaji. Molekuli moja ya fosfolipidi huweza kusafiri kwa pembeni umbali wa mikromita 2 hivi, ambao ni urefu wa bakteria wa kawaida, ndani ya sekunde moja. Kupinduka kutoka tabaka la ndani kwenda la nje bila msaada, kinyume chake, ni kazi ya saa nyingi au hata siku, kwa kuwa kichwa kinachopenda maji hulazimika kupenya katikati ya mafuta. Shikeni mambo hayo mawili, wepesi wa kwenda pembeni na ugumu wa kupinduka, maana ishara karibu zote nitakazozitaja zimesimama juu yake.

Sasa tuje kwenye uchache. Katika seli nyingi za wanyama, fosfatidilkolini peke yake hukaribia nusu ya fosfolipidi zote. Fosfatidilinositoli kwa kawaida haifiki asilimia 10, na ile iliyoongezewa fosfeti mbili kwenye pete yake ya inositoli, ambayo nitaiita PIP2 kama inavyoitwa maabara, ni takriban asilimia 1 tu ya fosfolipidi za utando wa nje wa seli. Uchache huo niliujua kwa machungu nilipokuwa mwanafunzi. Nilikuwa nikitoa lipidi kwa mchanganyiko wa klorofomu na methanoli, njia inayojulikana katika kila maabara ya fani hii: ukiongeza maji, mchanganyiko hujitenga, lipidi hushuka chini pamoja na klorofomu, na vitu vinavyopenda maji hubaki juu. Kwa wiki tatu nilipata madoa mazuri ya fosfatidilkolini kwenye kibao cha silika, yakigeuka hudhurungi ndani ya mvuke wa iodini, na mahali pa PIP2 hapakuwa na kitu. Nilizishuku seli, nikazishuku kemikali, nikaishuku hata mikono yangu. Kumbe PIP2 ina chaji hasi nyingi kiasi kwamba, usipotia asidi, hukataa kushuka na wenzake na kubaki na maji pamoja na utando wa protini ulioganda katikati, nami kila jioni nilikuwa nikiimwaga kwenye chupa ya taka. Matone machache ya asidi ya haidrokloriki yalimaliza tatizo siku hiyo hiyo.

Chaji hiyo iliyonipotezea wiki tatu ndiyo inayoipa PIP2 thamani ndani ya seli. Katikati ya vichwa vingi visivyo na chaji ya ziada, au vyenye chaji moja tu, kichwa chenye fosfeti tatu hakiwezi kupita bila kutambuliwa na protini iliyoumbwa kukitafuta.

Waliokuwa wa kwanza kuona dalili za jambo hili hawakuwa wakilitafuta. Mwaka 1953 Mabel Hokin na Lowell Hokin walivitia asetilikolini vipande vya kongosho la njiwa ili vitoe amilesi, huku wakiwa wamevipa fosforasi yenye mnururisho, na fosforasi hiyo ikaingia kwa wingi katika fosfolipidi. Kama fosfolipidi ni matofali, kwa nini seli inayotoa kimeng'enya ibomoe na kujenga upya ukuta wake kwa kasi namna hiyo? Swali hilo lilikaa bila jibu la kuridhisha kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1975 Robert Michell alikusanya ushahidi uliokuwapo na kupendekeza kwamba kuvunjwa kwa fosfatidilinositoli kunahusiana na kupanda kwa kalsiamu ndani ya seli, na mwaka 1983 Streb, Irvine, Berridge na Schulz walionyesha kwamba kipande kidogo kiitwacho inositoli trifosfeti, yaani IP3, kikitiwa ndani ya seli za kongosho zilizotobolewa utando, huitoa kalsiamu katika ghala lake la ndani. Miaka 30, kutoka kongosho hadi kongosho.

Mambo hwenda hivi. Homoni au kemikali ya neva hugusa kipokezi upande wa nje. Kipokezi huamsha protini ya G upande wa ndani, nayo huamsha kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi C. Kimeng'enya hiki huikata PIP2 shingoni, kati ya gliseroli na fosfeti, na mkato huo mmoja huzaa wajumbe wawili wenye tabia zisizofanana hata kidogo. IP3 ni kichwa kilichokatwa. Hupenda maji, kwa hiyo huachana na utando na kuogelea hadi kwenye retikulamu ya endoplazimu, yaani lile ghala la ndani, ambako hufungua mlango wa kalsiamu. Diasilgliseroli ni kiwiliwili kilichobaki na mikia yake. Hakina pa kwenda ila pembeni, ndani ya utando, na hapo hapo huiita kinesi C, kimeng'enya kinachozipachika protini fosfeti, kilichogunduliwa na kundi la Yasutomi Nishizuka nchini Japani mwaka 1977. Kalsiamu ndani ya saitoplazimu ya seli iliyotulia ni takriban nanomoli 100 kwa lita, ilhali nje ya seli ni zaidi ya mara 10,000 ya hapo, hivyo mlango ukifunguka kidogo tu badiliko huonekana mara moja. Na kinesi C za kawaida huhitaji vyote viwili, kalsiamu na diasilgliseroli, ndipo zifanye kazi sawasawa. Yaani seli husubiri nusu mbili za ujumbe zikutane tena kwenye utando kabla ya kuuamini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa utungisho. Mbegu ya kiume huingia kwenye yai ikiwa na fosfolipesi C ya aina yake, iitwayo zeta, iliyotambuliwa mwaka 2002. Kimeng'enya hicho hukata PIP2 iliyomo ndani ya yai, IP3 hutokea, na mawimbi ya kalsiamu huanza kupita katika yai na kujirudia kwa saa kadhaa, ndipo yai linapoamka na kuanza kugawanyika. Kila mmoja wetu anayesoma hapa alianza kwa fosfolipidi iliyokatwa.

#2 – Mwenye shaka

Nimesoma kwa makini, na nakushukuru kwa maelezo yaliyopangika, lakini sijashawishika. Katika kisa chako chote, aliyepokea habari ni protini, aliyekata ni protini, mlango wa kalsiamu ni protini, na aliyeitwa mwishoni ni protini pia. PIP2 yenyewe haikufanya lolote ila kukubali kukatwa. Wino hauandiki barua. Naona ni sawa kabisa kumfundisha mwanafunzi kwamba ishara ni kazi ya protini, na lipidi ni malighafi ambayo protini huitumia, kama zinavyotumia ATP. Kuna kisa chochote ambacho fosfolipidi nzima, isiyokatwa, ndiyo ujumbe?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hoja yako ina uzito, na kwa upande wa PIP2 inayokatwa naikubali nusu. Lakini visa ulivyoomba vipo, tena ni vingi.

Chukua njia za potasiamu za jamii ya KCNQ, ambazo kazi yake ni kuituliza neva isiwake ovyo. Njia hizi hazifunguki ipasavyo mpaka PIP2 nzima izishike kutoka upande wa ndani wa utando. Asetilikolini ikigusa kipokezi chake cha muskarini, fosfolipesi C huamka, PIP2 hupungua, njia hizo hufungwa, na neva huwa nyepesi kuwaka. Hapa njia hiyo haikungoja IP3 wala diasilgliseroli. Kilichosikika ni kutoweka kwa PIP2 yenyewe, na ikishajengwa upya njia hufunguka tena.

Kisa cha pili ni kikubwa zaidi, na binafsi naona ndicho kilichobadilisha fani nzima. Pete ya inositoli ina nafasi tatu ambazo seli huzitumia kupachikia fosfeti: ya 3, ya 4 na ya 5. Ukihesabu namna zote za kuzijaza, moja moja, mbili mbili, na zote tatu kwa pamoja, unapata aina 7. Seli huzitumia aina hizo kama anwani za vyumba vyake. PI4P, yaani yenye fosfeti kwenye nafasi ya 4 peke yake, hupatikana kwa wingi kwenye vifuko vya Golgi. PIP2 ya nafasi ya 4 na 5 ni alama ya utando wa nje. PI3P huwekwa kwenye vifuko vya endosomu vinavyopokea mizigo iliyomezwa. Protini inayopaswa kufanya kazi kwenye endosomu haipewi ramani; ina kiganja kinachoshika PI3P, basi huelea katika saitoplazimu hadi inapokutana na utando wenye alama hiyo, na hapo hunasa.

Ushahidi kwamba anwani hizi si mapambo tumeletewa na adui. Bakteria wa kifua kikuu akishamezwa na makrofaji, yaani seli mlafi ya kinga, hufungiwa ndani ya kifuko ambacho kilipaswa kusafirishwa hadi kwenye laisosomu ili ayeyushwe. Bakteria huyo hutoa kimeng'enya kiitwacho SapM, ambacho huondoa fosfeti ya PI3P kwenye ukuta wa kifuko. Kifuko kilichofutwa anwani hakifikishwi kilikokuwa kikipelekwa, naye anaendelea kuishi ndani ya seli iliyotumwa kumuua. Hiyo si silaha yake pekee, lakini bakteria asingejitengenezea kifutio kama hakuna kilichoandikwa.

Kwa mfano wako wa wino, basi: protini ndio waandishi na ndio wasomaji, hilo sibishi. Ninachobisha ni kusema kwamba kilichoandikwa hakina maana kwa kuwa hakikujiandika chenyewe.

#4 – Mwanafunzi wa tiba

Shikamoo mwalimu. Mimi nimekwama mahali pamoja. Vitabu vyetu vinasema PIP2 hukatwa, kisha sura inayofuata inasema PIP2 huongezewa fosfeti ikawa PIP3, na kwamba insulini inahusika. Je, hiyo ni njia moja au ni mbili? Na kwa nini sura hiyo hiyo ya insulini hugeukia saratani ghafla, kana kwamba mwandishi amepotea?

#5 – Mwanzisha uzi

Marahaba. Ni njia mbili zinazoanzia kwenye molekuli moja, na mwandishi wa kitabu chako hakupotea.

Katika njia ya kwanza PIP2 hukatwa. Katika njia ya pili haikatwi, bali huongezewa fosfeti kwenye nafasi ya 3, ambayo ilikuwa tupu. Anayefanya kazi hiyo ni kinesi iitwayo PI3K. Mwaka 1988 kundi la Lewis Cantley lilionyesha kwamba kimeng'enya hiki hupachika fosfeti mahali ambapo hakuna aliyetazamia, yaani nafasi hiyo ya 3, na kuanzia hapo fani ikapata tawi jipya. Kitu cha kuzingatia ni kwamba katika seli iliyotulia PIP3 karibu haipo kabisa. Ikitokea, ni habari.

Insulini inaposhika kipokezi chake kwenye seli ya msuli au ya mafuta, kipokezi hujipachika fosfeti, kisha huzipachika fosfeti protini za kati ziitwazo IRS, nazo humvuta PI3K hadi kwenye utando, ambako PIP2 ipo tayari. PIP3 huanza kujitokeza upande wa ndani wa utando. Haielei kwenda popote. Hubaki pale pale ikiita. Wanaoitika ni kinesi mbili, Akt na PDK1, kila moja ikiwa na sehemu iitwayo PH inayoishika PIP3 kama kiganja kinavyoshika kitasa. Zilipokuwa zimetawanyika katika saitoplazimu zilikutana kwa nadra. Sasa zimebanana kwenye eneo dogo la utando, na PDK1 huiwekea Akt fosfeti inayoiamsha. Akt iliyoamka huruhusu vifuko vilivyobeba protini ya GLUT4 kwenda kuungana na utando wa nje, na glukosi huanza kuingia. Utaona kwamba mchango wa lipidi hapa ni kukutanisha: PIP3 imewaleta wawili mahali pamoja kwa wakati mmoja, na bila hilo wangeendelea kupishana.

Sasa saratani. Akt haishughuliki na glukosi peke yake. Huiambia seli pia ikue, igawanyike na isife. Ujumbe wa namna hiyo ukiachwa bila kufutwa ni hatari, na mfutaji ni kimeng'enya kiitwacho PTEN. Jeni lake liligunduliwa mwaka 1997 kwa sababu lilikuwa likipotea katika saratani za ubongo, matiti na tezi dume. Umbo lake lilifanana na vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti kwenye protini, hivyo wengi walikwenda kutafuta protini inayoilenga. Mwaka 1998 Maehama na Dixon walionyesha kwamba inachokifuta ni fosfeti ya nafasi ya 3 ya PIP3, yaani lipidi. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki kwa sababu ndiyo ile ile dhana ya matofali iliyowapoteza watu mahiri kabisa. Mwaka 2004 upande wa pili wa mizani nao ukaonekana: jeni la PI3K lenyewe, liitwalo PIK3CA, lina mabadiliko ya kuliwasha katika saratani nyingi. Kwa hiyo aidha kalamu imekwama kwenye kuandika, au kifutio kimepotea, na matokeo ni yale yale.

Kuna uthibitisho wa kitabibu kwamba sura ya insulini na sura ya saratani ni sura moja. Dawa ya alpelisibu, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2019 kwa saratani ya matiti yenye mabadiliko ya PIK3CA, huzuia PI3K. Athari yake inayoonekana sana ni kupanda kwa sukari kwenye damu. Ukishaelewa njia hii, hilo halikushangazi hata kidogo.

Na kwa upande wa diasilgliseroli ni vivyo hivyo. Esta za foboli, zinazotokana na mafuta ya mbegu za krotoni, zilijulikana kwa miaka mingi kwamba huchochea uvimbe wa saratani kwenye ngozi ya panya. Mwaka 1982 ilibainika kwamba huamsha kinesi C kwa kujifanya diasilgliseroli. Tofauti ni kwamba diasilgliseroli ya kweli huondolewa haraka kwa kugeuzwa asidi ya fosfatidi na kurudishwa kwenye mzunguko wa kujenga fosfatidilinositoli, ilhali foboli haifutiki kirahisi, hivyo kinesi C hubaki imewashwa na saratani hufuata.

#6 – Mtafiti mwenzako

Uzi mzuri, mwenzangu, ila aya yako ya mwisho inahitaji kurekebishwa kabla haijaingia kwenye madaftari ya wanafunzi. Kwamba foboli huamsha kinesi C ni kweli. Kwamba kinesi C iliyowashwa ndiyo huleta saratani ndivyo tulivyofundishwa sote, na kwa miaka mingi watu walijaribu kutibu saratani kwa kuizuia, bila mafanikio. Mwaka 2015 kundi la Alexandra Newton lilipima mabadiliko ya jeni za kinesi C yanayoonekana katika saratani za binadamu, likakuta kwamba mengi huidhoofisha kinesi hiyo badala ya kuiimarisha. Kumbuka pia kwamba foboli ikikaa muda mrefu kwenye seli, kinesi C huishia kuvunjwa na kupungua. Huenda basi kilichochochea uvimbe ni kutoweka kwake.

#7 – Mwanzisha uzi

Umenishika, na nashukuru. Niliandika sentensi hiyo kwa mazoea. Wanaonakili waandike hivi: foboli huwasha kinesi C mwanzoni, kisha kwa kutofutika kwake huimaliza, na katika saratani nyingi za binadamu kinesi C huonekana kuwa breki kuliko kuwa mafuta ya moto. Hoja ya kifutio bado ipo, lakini mwelekeo wake niliugeuza.

#8 – Msomaji wa kawaida

Mimi si mtaalamu, na nimefuata kadiri nilivyoweza. Nina maswali mawili. Kwanza, vidonge vya lesithini huuzwa vikielezwa kwamba vina fosfolipidi zinazoimarisha "mawasiliano ya seli". Je, vinasaidia? Pili, niliwahi kusikia kwamba aspirini nayo inahusiana na mafuta ya utando. Ni kweli?

#9 – Mwanzisha uzi

Swali la kwanza lina jibu fupi. Lesithini ni mchanganyiko ambao fosfatidilkolini ni sehemu yake kubwa, na utumbo huivunja kabla ya kuifyonza. Hata vipande vyake vikifika kwenye seli, ishara haziongozwi na wingi wa malighafi. Zinaongozwa na vimeng'enya vinavyoamua lini kitu kikatwe au kiongezewe fosfeti. Kuongeza karatasi ofisini hakuongezi barua zinazotumwa.

La pili ni kweli. Katika fosfolipidi nyingi, nafasi ya pili ya gliseroli huwa imeshikilia asidi ya arakidoni. Seli ikichokozwa, fosfolipesi A2 huikata asidi hiyo, na kimeng'enya kingine, saiklo-oksijenesi, huigeuza kuwa chanzo cha prostaglandini, ambazo huleta maumivu, homa na uvimbe. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezwaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 alishiriki Tuzo ya Nobel na Bergström na Samuelsson. Aspirini huiharibu saiklo-oksijenesi moja kwa moja, na kwa kuwa chembe sahani za damu hazina kiini cha kutengenezea nyingine, athari hudumu kwa maisha yote ya chembe hiyo. Hapa utaona utando ukiwa ghala la ishara kwa maana iliyo wazi kabisa: ujumbe umehifadhiwa ndani ya mkia wa tofali. Sumu za nyoka wengi na ya nyuki nazo zina fosfolipesi A2, zikitumia mkasi ule ule kwa nia nyingine.

#10 – Mwanafunzi wa tiba

Mwalimu, nirudi kidogo. Ulisema mwanzoni tushike jambo la ugumu wa kupinduka, kisha hukulirudia. Nauliza kwa sababu wiki hii maabara tulijaribu kutambua seli zinazokufa kwa kutumia protini ya aneksini V yenye rangi ya kijani, na mirija yangu yote ilitoka haina kijani, hata ile ya seli tulizoziua kwa makusudi. Mwenzangu wa meza ya pili alipata matokeo mazuri kwa seli zile zile.

#11 – Mwanzisha uzi

Umenikumbusha deni langu, na naamini majibu ya maswali yako mawili ni jibu moja.

Fosfatidilserini, ambayo ina chaji hasi, karibu yote hukaa tabaka la ndani la utando wa nje. Haikai huko kwa bahati. Kuna protini ziitwazo flipesi, mojawapo ikiwa ATP11C, zinazotumia ATP kuirudisha ndani kila inapoponyoka. Kwa kuwa kupinduka bila msaada ni kugumu, mpangilio huo hudumu, na seli zenye afya hutazamana nje bila fosfatidilserini. Seli inapoamua kufa kwa mpango, vimeng'enya viitwavyo kaspesi hufanya mambo mawili kwa mkasi mmoja: huikata flipesi ikazimika, na huikata protini nyingine, Xkr8, ambayo kwa mkato huo huamka na kuchanganya lipidi za tabaka zote mbili. Fosfatidilserini hujitokeza nje, makrofaji huitambua, na seli humezwa kabla haijapasuka na kumwaga vitu vyake. Chembe sahani za damu hufanya jambo linalofanana bila kufa: kalsiamu ikipanda ndani yake, protini ya TMEM16F huchanganya lipidi, fosfatidilserini hutoka nje, na juu yake protini za kugandisha damu hukusanyika. Watu wenye ugonjwa nadra wa Scott hukosa mchanganyiko huo na huvuja damu.

Sasa mirija yako. Aneksini V haishiki fosfatidilserini moja kwa moja. Hushikamana nayo kupitia ioni za kalsiamu. Nina shaka uliziachanisha seli na chombo kwa tripsini yenye EDTA, ukazisafisha mara moja tu, au ulitumia bafa ya fosfeti ya kawaida badala ya bafa maalumu yenye kalsiamu ya milimoli 2.5 kwa lita. EDTA iliyobaki huinyakua kalsiamu, na aneksini haina cha kushikia. Muulize mwenzako wa meza ya pili alisafisha mara ngapi. Nadhani atakwambia mara mbili au tatu.

Rudia hivi: safisha mara mbili kwa bafa ya fosfeti baridi, kisha weka seli kwenye bafa ya kalsiamu, tia aneksini, zikae gizani dakika 15, ongeza rangi ya propidiamu iodaidi ili kuzitenga zile ambazo utando wake umeshatoboka, na usizioshe tena kwa bafa isiyo na kalsiamu. Usitumie nguvu wakati wa kuzibandua, kwa sababu seli iliyochanwa utando huiruhusu aneksini iingie na kushika fosfatidilserini ya ndani, nawe utadhani inakufa kwa mpango. Zisome kwenye mashine ndani ya saa moja. Mrija wa seli mlizoziua kwa makusudi usipotoka kijani safari hii pia, andika hapa bafa uliyotumia na kiasi cha kalsiamu, tuitazame pamoja.